Jiwe Lisilokata Kioo

Pete ilikuwa imezunguka sebule nzima, mkono kwa mkono, na kila aliyeishika alikuwa ameguna kwa namna yake. Ilipofika kwa Milimita ikasimama. Yeye hakuguna. Aliinyanyua kuelekea dirishani, akafumba jicho moja, akaigeuza, akafumba la pili, kisha akauliza swali ambalo mkewe alikuwa anaomba kimoyomoyo lisitoke.

"Hili jiwe mbona halipitishi mwanga?"

Milimita ni jina alilopewa na mtaa. Alikuwa fundi vioo, miaka thelathini kazini, na hakuna aliyewahi kumsikia akipima kitu kwa futi. Mwambie dirisha lako lina futi tatu, atakucheka mpaka uone haya kuwa na dirisha. Karakana yake ilikuwa hapo hapo mbele ya nyumba: meza moja ndefu ya kukatia, vioo vimesimamishwa ukutani, na vumbi jeupe ambalo mkewe alikuwa ameshakata tamaa ya kulifuta. Mtu mwema, tusimsingizie. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: alichokijua alikijua sana, na asichokijua hakuamini kwamba kipo.

"Si mawe yote yanapitisha mwanga, mzee," akasema kijana aliyeleta pete. "Hii ni feruzi. Ndivyo ilivyo, buluu tupu."

Kijana mwenyewe alikuwa fundi viatu wa pale njia panda, na wateja walimwita Gundi. Alikuja na shangazi yake aliyemlea, mwanamke mfupi mwenye ulimi wa upanga, na wote wawili walikuwa wamevaa nguo zilizonyooshwa kwa pasi mpaka zikakakamaa. Jumapili hiyo walileta pete ya uchumba kwa binti wa Milimita, kifungua mimba wake, aliyekuwa anauza katika duka la dawa. Majirani wawili walikaribishwa wawe mashahidi, nao walikuwa wameshakunywa chai vikombe viwili viwili. Mpaka hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri.

"Umeinunua wapi?" Milimita akauliza.

"Kwa mama mmoja, mteja wangu. Aliivaa mwenyewe miaka mingi. Si mpya, mzee, sikufichi."

"Na ulijuaje kama ni jiwe la kweli?"

Gundi akasita kidogo. "Aliniambia."

"Aliniambia!" Milimita akawageukia majirani, akapanua mikono. "Mtu akiniletea kioo akaniambia ni cha milimita sita, mimi nakipima. Ngojeni kidogo."

"Baba watoto, kaa chini," mkewe akasema.

Hakukaa. Akatoka na pete, akaingia karakana, na kwa kuwa mlango ulikuwa wazi, sebule nzima ikasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Binti alifunga macho kila mara ile sauti ilipotoka. Kisha baba yake akarudi, kipande cha kioo mkono huu, pete mkono huu, na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

"Tazameni wenyewe. Jiwe la kweli linakata kioo. Kalamu yangu ya kukatia ina chembe ya almasi ndogo kuliko kichwa cha pini, na inakata kioo kama inakata mkate. Hili nimelisugua mara tatu, kioo hakina habari. Hii ni plastiki, kijana. Umeuziwa plastiki, au umetuletea plastiki."

Angeishia kwenye "umeuziwa" pengine ingepita. Watu wangesikitika pamoja, wangemlaani muuzaji, chai ingeendelea. Lakini ile ya pili ilishatoka mdomoni na hakuna wa kuirudisha. Jirani mmoja akaweka kikombe chini polepole ili asipitwe na neno lolote.

"Bwana fundi," shangazi akasema. Hakupaza sauti. "Unamwita mwanangu mwongo, au unamwita mjinga? Chagua moja nijue namna ya kukujibu."

"Mimi naongea habari ya jiwe."

"Jiwe halikuja hapa kwa miguu yake."

Gundi uso ulikuwa umemshuka, masikio yanamwaka moto, na vidole vyake vyenye madoa ya rangi ya viatu vimeshikana magotini. Alimtazama binti mara moja tu, kisha akasimama.

"Ipelekeni kwa mtaalamu, mzee. Nawaachia. Ikionekana ya uongo, sitakanyaga hapa tena, na binti yako sitamlaumu kwa lolote."

"Hadi Jumatano," shangazi akaongeza huku akijifunga kitambaa chake cha kichwa. "Jumatano ikipita kimya, tutajua tumefukuzwa. Asanteni kwa chai." Kikombe chake kilikuwa kimejaa pomoni.

*

Walipoondoka, na majirani nao wakakimbilia majumbani kwao na mzigo wa kusimulia, binti alibaki amekaa palepale.

"Baba," akasema, "ulikuwa unalipima jiwe au ulikuwa unampima mtu?"

"Nakulinda, mwanangu."

"Umenilinda mpaka nimebaki peke yangu."

Akaingia chumbani kwake. Mlango hakuubamiza, na afadhali angeubamiza. Mke wa Milimita naye alianza kukusanya vikombe bila neno, na tangu saa ile aliongea na mumewe kwa kupitia kuta. "Kama kuna mtu ana njaa, chakula kiko mezani," aliliambia kabati. Milimita alimjua mke wake. Akianza kuongea na kabati, jua mambo yameharibika.

Na tupasue mbarika kabisa, maana yeye mwenyewe asingesema. Moyoni hakuwa ameridhika na fundi viatu. Hakuwa na sababu ya kusimama nayo mbele za watu. Kijana hanywi, hachezi kamari, ana heshima zake. Lakini Milimita alilea mtoto kwa kukata vioo, akamsomesha mpaka akavaa koti jeupe la duka la dawa, na halafu anakuja kuchukuliwa na mtu anayekaa chini anagonga soli za watu! Alipoona jiwe lisilopitisha mwanga alifurahi. Hilo ndilo lililokuwa linamuuma sasa, kwamba alifurahi.

Ili apate pa kuelekezea macho, akarudi karakana, akawasha taa ya meza, akaitazama tena ile pete. Ndipo alipouona. Mstari mweupe, mwembamba, umekata jiwe kutoka ukingo mpaka karibu na katikati. Akaufuta kwa kidole. Haukufutika. Akalamba kidole akaufuta tena. Milimita saba, macho yake yakahesabu yenyewe bila kutumwa.

"Ala!" akasema peke yake.

Kumbe katika kusuguana kule, kioo kilitoka salama na jiwe ndilo lililoumia. Kijasho chembamba kikamtoka. Akili yake ikaanza kupiga hesabu ya haraka: kama jiwe ni la uongo, mkwaruzo si hoja, lakini binti amekosa mchumba na atamchukia baba yake. Kama ni la kweli, binti ana mchumba, ila baba yake ndiye aliyeiharibu pete mbele ya mashahidi wawili wenye midomo. Aligeuza huku, akageuza huku. Hakuona upande ambao yeye anatoka salama.

Hapo akafanya jambo ambalo mtu akiwa na akili zake hafanyi. Alinyatia jikoni, akachovya kidole katika chupa ya mafuta ya kula, akarudi, akaupaka ule mstari. Ukapotea! Akainamisha pete kulia, akainamisha kushoto, hauonekani. Akapumua, akaifunga pete kwenye kitambaa, akaiweka mfukoni.

Asubuhi ya Jumatatu alipoifungua, mstari ulikuwa umerudi, na kuuzunguka palikuwa na doa la kijani, limekolea, kama mahali ambapo mtu amemwaga supu. Fundi akashika tama.

*

Binti alipata ruhusa kazini Jumanne. Alimfuata baba yake karakana, amebeba mkoba.

"Twende kwa mpima vito. Nimeulizia, yuko mjini, ghorofa ya pili, juu ya duka la mapazia."

"Ningekwenda mwenyewe," akasema Milimita. "Ungepumzika."

"Nakwenda na wewe, baba. Nataka nisikie kwa masikio yangu."

Njia nzima walitembea kama watu wawili waliokutana kituoni. Kabla ya kufika duka la mapazia walipita kwa bwana mmoja anayenunua dhahabu na fedha kuukuu, amekaa nyuma ya mizani na kibao kinachosema "Bei Nzuri". Milimita akasema waanzie pale. Ukweli ni kwamba alikuwa anatafuta jibu lolote ambalo halikuhusu mkwaruzo.

Bwana yule aliichukua pete, akairusharusha kiganjani, hata miwani hakuvaa.

"Fedha hii ni ya kweli, nitakupimia. Jiwe nitaling'oa nilitupe. Plastiki."

"Una hakika?" akauliza Milimita.

"Mzee, mimi naona haya kila siku. Nakupa hela ya chakula cha watu wawili, kizuri, na soda."

Basi alikuwa amepatia! Fundi vioo hakukosea. Alingoja ile furaha ya Jumapili imrudie, ikakataa kuja. Akamtazama binti yake pembeni. Midomo ilikuwa inamtetemeka, ameikaza, anasoma kibao cha "Bei Nzuri" kana kwamba kimeandikwa sura nzima. Milimita akajisikia vibaya kuliko siku yoyote aliyowahi kuvunja kioo cha mteja.

"Nirudishie pete," akasema.

"Naongeza kidogo."

"Nimesema nirudishie."

Huko nje binti akasema, "Baba, kama ni plastiki ya kutupwa, kwa nini ameongeza?"

Milimita akaanza kutembea haraka.

*

Mpima vito alikuwa mama mtu mzima mwenye mafua. Chumba chake kilikuwa na meza, taa mbili, mizani ndogo ndani ya sanduku la kioo, na leso tatu zilizokunjwa vizuri. Lenzi ilining'inia shingoni kwake kwa uzi wa kawaida tu, wa kushonea.

"Mnataka kujua nini?" akauliza. "Watu wanakuja hapa wanataka bei. Mimi nawauliza, bei gani? Ya kununulia, ya kuuzia, au ya kujisifia? Zote zipo."

"Tunataka kujua kama ni la kweli," binti akasema.

"Hilo ni la heshima zaidi. Kaeni."

Aliivuta taa karibu, akaweka lenzi jichoni, akainama. Alikaa hivyo muda mrefu. Milimita, ambaye hakuwahi kukaa kimya mtu mwingine akifanya kazi ya kupima, alikaa kimya. Mama yule akaipima pete kwenye mizani, akaandika. Akachovya pamba katika kichupa, na harufu ilipotoka binti akaitambua: dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akasugua mgongo wa jiwe, pale linapoonekana kwa ndani ya pete, akaitazama pamba. Ilikuwa nyeupe.

"Yale ya kupakwa rangi," akasema, "hapa pamba inatoka buluu na mwenye pete anatoka na machozi. Hii haijapakwa. Sasa tuone kama ni plastiki." Akapasha sindano moto kwenye kibiriti cha gesi, akaigusisha mgongoni mwa jiwe palepale, akanusa. Kisha akakumbuka mafua yake. "Hebu nusa wewe, mwanangu. Unasikia harufu ya kuungua?"

Binti akanusa. "Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mama."

Mpima vito akaligeuza jiwe upande wa juu. Akasonya.

"Ebo! Nani kafanya haya?"

Milimita akazitazama zile leso mezani.

"Kuna mkwaruzo hapa, mpya kabisa, haujapata hata uchafu ndani. Na juu yake pana doa. Haya mafuta. Mafuta ya kula! Jamani, feruzi inakunywa mafuta kama karatasi. Aliyekuwa anaivaa hii ameivaa miaka na miaka, fedha imelika kwa ndani mpaka imekuwa nyembamba, na mkono wake ulikuwa mkono wa kazi. Lakini jiwe alilitunza. Halafu anatokea mtu, wiki hii hii, analifanya hivi. Nani huyo?"

Binti aligeuka. Mkwaruzo hakuujua, wala mafuta. Alimtazama baba yake kwa macho ya kuuliza, na Milimita angeweza kusema chochote. Angeweza kusema imekuja hivyo. Gundi hakuwapo kubisha, na majirani walikuwa mbali. Neno lilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Akapiga moyo konde.

"Mimi," akasema.

"Wewe unafanya kazi gani, baba?"

"Fundi vioo."

Mpima vito akashusha lenzi. Alimtazama kitambo, halafu akaanza kucheka, kicheko kikachanganyika na kikohozi, akachukua leso. "Ulitaka likate kioo!"

"Nilisugua mara tatu," Milimita akasema kwa sauti ndogo.

"Sasa sikiliza. Yapo mawe yanayokata kioo na hayana thamani hata ya nauli. Chukua kokoto ya mtoni, nyingine zinakata. Na yapo yenye thamani ambayo ni laini. Ungeileta lulu mezani kwako ungeimaliza. Feruzi na kioo ugumu wao unakaribiana, na meza yako, nakuhakikishia, ina vumbi la jiwe la kunolea kingo."

"Lipo," akakiri.

"Basi lile ndilo limelikwaruza. Kukata kioo ni kazi ya kalamu yako. Jiwe la pete kazi yake ni nyingine."

"Kwa hiyo…" binti akaanza, akashindwa kumalizia.

"Kwa hiyo ni feruzi, mwanangu. Halisi, halijapakwa, halijaunganishwa kwa gundi, limekaa kwenye fedha iliyotengenezwa kwa mkono. Juzi lingekuwa na bei ya mshahara wa mwalimu wa miezi miwili. Leo toa robo."

Binti akajifunika uso kwa viganja. Mabega yakaanza kumcheza. Milimita aliogopa kumgusa, akamgusa hivyo hivyo, begani, kwa vidole viwili, na binti hakuukwepa mkono.

"Linatengenezeka?" akauliza Milimita.

"Mkwaruzo nitausugua utoke, nipe mpaka Jumamosi. Doa litapungua, lakini halitaisha lote. Itakugharimu." Akataja kiasi.

Jamani, mtu huyu alikuwa na mkono wa birika. Alikuwa anabishania bei ya misumari. Lakini siku ile alitoa noti zake, akaziweka mezani, na hakuuliza hata kama kuna punguzo. Binti alishuhudia na hakuamini.

Mpima vito akavuta karatasi yenye mhuri. "Nawaandikia cheti. Uzito, aina, hali ya jiwe." Akasimamisha kalamu. "Hapa kwenye hali ya jiwe. Jumamosi mkwaruzo hautakuwapo. Nikiacha bila kuuandika hakuna atakayejua. Wengi huniomba hivyo."

Aliyasema kwa wema, na alikuwa anamtazama baba, si binti. Milimita akakohoa.

"Andika."

"Niandike mkwaruzo."

"Mkwaruzo na mafuta. Na aliyefanya. Kuna mtu nimemwita mwongo mbele za watu, mama. Akisoma asikute nimejificha."

*

Jioni ile mkewe alisikia habari yote kutoka kwa binti, jikoni, kwa minong'ono na vicheko vilivyozimwa haraka. Baadaye akaja kusimama mlangoni mwa karakana.

"Kesho ni Jumatano," akasema. Alikuwa anaongea naye, si na kabati. Milimita nusura aangushe kipimo.

"Najua."

"Unakwenda na nani?"

"Peke yangu."

"Basi vua hilo shati nikufulie. Huwezi kwenda kuomba radhi na vumbi kwapani."

*

Kibanda cha Gundi kilikuwa meza moja, turubai juu, na benchi la wateja. Saa nne asubuhi, njia panda yote ikiwa macho, Milimita akatokea na shati lake lililonyooka. Alikuwa ameomba amkute kijana peke yake. Alimkuta na shangazi, aliyekuwa amekuja na chupa ya chai na ambaye, kwa jinsi alivyokuwa amekaa, hakuwa na mpango wa kuondoka. Benchini alikuwapo pia mteja mmoja mnene, kiatu kimoja mguuni, kingine mikononi mwa Gundi.

"Bwana fundi," akasema shangazi. "Umekuja kupima na benchi?"

"Nimekuja na cheti, dada."

Gundi aliacha nyundo. Hakusimama. Rangi ilikuwa imemtoka usoni. Alinyoosha mkono kuchukua karatasi, lakini shangazi akawahi, akaitazama kwa mbali, akaitazama kwa karibu.

"Miwani yangu iko nyumbani. Wewe baba," akamgeukia mteja, "unajua kusoma? Tusomee. Kwa sauti, na wale wa kule wasikie. Jumapili tulitukanwa kwa sauti."

"Ni haki yako," akasema Milimita.

Yule mteja alifurahi kupata kazi. Akajikohoza, akasoma kama mtangazaji: aina ya jiwe, feruzi halisi. Rangi, ya asili. Chombo, fedha, kazi ya mkono. Uzito hivi na hivi. Akafika chini, akapunguza mwendo.

"Hali ya jiwe: lina mkwaruzo mpya wa milimita saba, na doa la mafuta ya kula. Yote mawili yamefanywa na baba wa mchumba, fundi vioo, kwa kulisugua kwenye kioo na kulipaka mafuta, bila…" Akaisogeza karatasi karibu. "Bila kujua alichokuwa akifanya."

Halafu yule mteja akaangua kicheko, tumbo likamtikisika, akajishika benchi asianguke. Muuza magazeti wa jirani naye akadakia. Milimita alisimama katikati ya vicheko, masikio yakimuungua, akavumilia. Alijua sasa jinsi sebule yake ilivyokuwa siku ile kwa mtu mwingine.

"Kijana wangu," akasema vilipopungua, "nilikuita mwongo, na mimi ndiye niliyekuwa sijui. Nilisema mbele ya watu, basi na radhi naomba mbele ya watu. Pete iko kwa fundi, itatoka Jumamosi, gharama ni zangu. Doa halitaisha lote. Unisamehe."

Gundi alikuwa bado ameshikilia kile kiatu. Akakiweka chini, akafuta mikono kwenye aproni, akafuta tena. Kisha akainama mbele, viwiko magotini, akatoa pumzi ndefu iliyosikika mpaka kwa muuza magazeti.

"Mzee, tangu Jumapili sijalala."

"Najua, mwanangu. Matusi yale…"

"Si matusi." Akainua uso. Macho yake yalikuwa mekundu na alikuwa anatabasamu. "Mimi mwenyewe sikuwa najua! Nimelipa akiba yangu yote kwa kuambiwa tu na yule mama. Uliposema plastiki nikajiambia, nimeula wa chuya. Niliwaachia pete kwa sababu sikuwa na uhodari wa kuipeleka mwenyewe. Kila mtu aliyepita hapa leo nikadhani ni wewe unakuja kunirudishia."

"Salaale!" shangazi akasema. "Na mimi ninavyokutetea kote huku!"

Milimita alimtazama yule kijana, na kwa mara ya kwanza hakumwona fundi viatu. Alimwona mtu aliyesimama sebuleni kwake Jumapili na hofu yote ile tumboni, na bado akasema ipimeni. Yeye mwenyewe, na vipimo vyake vyote, alikwenda kutafuta mafuta jikoni.

"Keti, mzee," Gundi akasema. "Na hebu vua hicho kiatu cha kulia. Soli imeachia, tangu unakuja naiona inapiga makofi."

"Nitalipa."

"Utalipa. Nimebakiwa na nini, mimi?"

Akaketi benchini kando ya yule mteja mnene, wote wawili mguu mmoja soksi, na yule mteja akasogea kumpisha huku bado anacheka chinichini. Shangazi akammiminia chai bila kumuuliza. Milimita alikuwa ameinywa nusu alipomwona binti yake anavuka barabara, koti jeupe la duka la dawa mwilini, anakuja mbio mbio kama mtu aliyeiba dakika kumi. Alisimama mbele ya meza. Hakumwangalia baba yake. Alimwangalia Gundi.

"Amesema?"

"Amesema."

"Yote?"

"Yote. Mpaka mafuta."

Binti akacheka. Hakuwa amecheka tangu Jumapili, na kicheko kilimtoka kwa nguvu mpaka akalazimika kushika ukingo wa meza, na Gundi akaushika mkono ule ule kwa vidole vyake vyenye gundi, na hakuna aliyeutoa wake. Milimita akainamia mguu wake wenye soksi. Akajifanya anatafuta kiatu, ingawa kiatu kilikuwa mezani na kila mtu alikiona, maana machozi yalikuwa yanamtoka na alitaka yakauke kabla hajainuka.

"Usijisumbue kujificha, mkwe," akasema shangazi, akimwongezea chai. "Nimeshayaona."